Usikiuze Kinanda Kabla ya Kufika Kibera na Kawangware

MSOMAJI mpenzi, huenda nawe umewahi kuyaona haya kanisani kwenu Jumapili. Mwalimu wa kwaya anaketi kwenye kinanda, anatandaza vidole, anakanyaga kanyagio la sauti hadi likafika chini kabisa, na badala ya ile sauti iliyozoea kutikisa mabati ya paa, kinatoka kinong'ono, mithili ya mtu anayeimba akiwa amejifunika blanketi. Waimbaji wanapotezana. Sauti ya kwanza inapanda juu, besi inazama chini, na waumini wa viti vya nyuma wanatazamana.

Kwetu hali hiyo ilidumu miezi minane. Kinanda chenyewe ni kile cha umeme cha zamani, cha mbao kama kabati, chenye safu mbili za vibonyezo vya mkono na safu ya vipande vya mbao vya kukanyaga kwa ajili ya besi. Kilinunuliwa mwaka 1987 kwa michango ya waumini, kutoka kwa familia ya kigeni iliyokuwa ikifunga virago kurejea kwao. Kukisogeza tu kunataka wanaume wanne. Mwishowe kamati ilikutana ikakata kauli: kinanda kiuzwe kwa wanunuzi wa vyuma vikuukuu, kisha ifanywe harambee ya kununua kingine kipya cha kisasa.

Leo nataka tufuatane, mimi nawe, katika njia tuliyopita kabla ya uamuzi huo kutekelezwa. Inaanzia Kibera na kuishia Kawangware, mitaa miwili ya Nairobi ambayo wengi huipita tu kwa matatu wakifunga madirisha. Kama kanisa lako, shule yako au nyumba yako ina kinanda kizee kilichokaukiwa na sauti, huenda safari hii ikakuokolea pesa. Nasi ilituokolea zaidi ya pesa.

Lawama zamwangukia mzee

Kabla hatujaondoka, ni vyema umjue mwalimu wetu. Ana umri wa miaka 71, na amekipiga kinanda hicho tangu siku kilipoingia mlangoni. Sauti haikupotea kwa siku moja. Ilififia pole pole, kama koroboi inayoishiwa mafuta, na kwa sababu hiyo hakuna aliyekishuku kinanda. Watu walimshuku mzee. Baadhi yao walisema hana tena nguvu za kukanyaga. Wengine walidai masikio yamemzeekea, ndiyo sababu anapiga chini chini bila kujua. Kulikuwa na vijana waliokwisha kumchagua atakayerithi kiti chake.

La kusikitisha ni kwamba yeye mwenyewe alianza kuamini. Jioni moja baada ya mazoezi, watu walipokwisha kutoka, aliniuliza, "Mwanangu, niambie ukweli. Ni mimi?" Nilijifanya ninakusanya vitabu vya nyimbo.

Jambo moja tu alilishikilia. Alisema kwamba asubuhi, jua linapoingia kwa mlango wa mashariki na kumulika sakafu, kinanda husikika vizuri zaidi kuliko jioni. Tulicheka. Kinanda na jua wapi na wapi? Lakini lishike neno hilo, msomaji, kwa maana tutalirudia.

Si kwamba hatukuwa tumetafuta msaada. Duka moja la mjini lilituma watu wake. Walifungua mgongo wa kinanda, wakatikisa vichwa, wakabadilisha spika zote mbili na kutudai shilingi 22,000. Jumapili iliyofuata sauti ilikuwa ile ile. Walipoulizwa wakasema, "Kinanda kimezeeka, tafuteni kingine."

Sauti husafiri kama maji

Vinanda vikubwa vya makanisa ya kale huimba kwa hewa inayosukumwa ndani ya mabomba. Ni vitu vya gharama kubwa, na makanisa machache tu huvimudu. Katika miaka ya 1930, Mmarekani Laurens Hammond alibuni kinanda kinachotumia umeme badala ya hewa, na kikaanza kuuzwa mwaka 1935. Transista zilipochukua nafasi ya valvu, viwanda vingine vingi viliingia katika kazi hiyo. Yamaha ya Japani, kwa mfano, ilitoa Electone yake ya kwanza mwaka 1959. Katika miaka ya 1960 na 1970 vinanda vya aina hiyo vilipamba sebule za Ulaya, Marekani na Japani. Kisha, katika miaka ya 1980, vikaja vinanda vyepesi vya plastiki vinavyobebwa kwapani, na vile vya mbao vikaanza kusukumwa nje. Ndivyo vingine vilivyofika kwetu, vikiwa tayari na umri wa mtu mzima.

Ukitaka kuelewa kwa nini kinanda hunyong'onyea, kifikirie kama mfereji wa maji. Kuna tangi, yaani saketi zinazozalisha noti. Maji hupitia swichi za kuchagua mlio, kama filimbi, zumari au fidla. Kutoka hapo hupitia kanyagio la sauti lililo mguuni pa mpigaji, ambalo ndilo koki kubwa ya kuongeza na kupunguza. Kisha huingia kwenye amplifaya, ambayo ni pampu, na hatimaye hufika kwenye spika, ambayo ni mdomo wa mfereji. Maji yakipungua kwenye mdomo, mjinga hubadilisha mdomo. Sisi tuliubadilisha kwa shilingi 22,000.

Haya, shuka Kibera

Ukiwa katikati ya jiji, matatu ya namba 8 itakufikisha Kibera. Shuka upande wa Makina, usiwe na haraka. Hapa ndipo penye mizizi ya mtaa huu. Wanubi, waliokuwa askari katika jeshi la King's African Rifles, na familia zao, walianza kuishi hapa mwanzoni mwa karne ya 20, na jina lenyewe linatokana na neno la Kinubi, Kibra, maana yake msitu. Walisubiri karibu karne nzima kutambuliwa. Hatimaye, Juni 2017, Rais Uhuru Kenyatta aliwakabidhi hatimiliki ya ekari 288. Sehemu kubwa ya Kibera iliyobaki ni ardhi ya serikali, na wakazi wake hujenga wakijua kwamba siku yoyote wanaweza kuambiwa waondoke.

Utasikia pia watu wakisema Kibera ina watu milioni moja. Hesabu ya watu ya mwaka 2009 ilipata 170,070. Hata hivyo, ukipita hapa saa kumi na mbili jioni, watu wakirudi kutoka kazini, utawasamehe waliokadiria milioni.

Tembea sasa kando ya barabara, ukipita wauza samaki wa kukaanga, vinyozi na wachomaji mahindi. Utafika kwenye kibanda cha mabati kisichozidi upana wa mikono miwili iliyonyooshwa. Mlangoni zimening'inia redio zisizo na matumbo. Ndani kuna meza moja, mita ya kupimia umeme, chuma cha solda kinachotoa moshi wenye harufu ya utomvu, na kijana wa miaka thelathini na kitu aliyeinamia kazi yake. Yeye ndiye hutengeneza spika za msikiti wa jirani. Yeye huyo huyo hutengeneza amplifaya za makanisa manne. Kutoka kibandani kwake hadi kanisani kwetu ni mwendo wa dakika kumi kwa miguu, nasi tulikuwa tumekwenda mjini! Ama kweli, mdharau mwiba mguu huota tende.

Nilipomweleza shida yetu hakuuliza bei tuliyo nayo. Aliuliza maswali, kama daktari anavyomuuliza mama aliyebeba mtoto. Je, sauti ni hafifu kwenye vibonyezo vyote au safu moja tu? Je, milio yote imefifia, au ni filimbi pekee? Ilipotea ghafla au pole pole? Je, kuna mvumo, ule uuu wa chini chini, kinanda kinapowashwa?

"Kila kitu kimefifia," nikamjibu, "na pole pole."

"Basi tangi ni zima," akasema. "Ingekuwa safu moja tu, ningetafuta shida huko mwanzoni. Ikiwa yote yamefifia kwa pamoja, shida iko pale njia zote zinapokutana. Nitakuja Ijumaa baada ya swala."

Kufuata sauti kinyumenyume

Alikuja na mfuko mmoja wa ngozi. Mzee wetu alikuwa ameketi pembeni, kofia magotini. Kijana alimwamkia, "Shikamoo, Mzee," kisha akamwomba akae kwenye kinanda, kwa kuwa yeye ndiye akijuaye. Nakueleza alivyofanya hatua kwa hatua, kwa sababu utaratibu huo ni dawa hata kwa kinanda chako.

Kwanza alipima stima kwenye soketi. Umeme wetu nchini ni wa volti 240, lakini vinanda vilivyotengenezwa kwa soko la Japani hutaka volti 100, kwa hivyo huhitaji transfoma ya kupunguza. Transfoma hiyo ikichoka, au stima ya mtaa ikishuka sana jioni kila mtu anapopika, kinanda hupungukiwa na nguvu. Yetu ilikuwa sawa.

Pili alikwenda kwenye spika. Alizifungua nyaya zake, akachukua betri ndogo ya tochi, akagusisha nyaya mara moja na kuziondoa. Tak! Spika ikaruka. Akafanya hivyo kwa ya pili. Tak! Spika ni nzima. Kisha akaniuliza ziko wapi zile za zamani. Nikazileta kutoka stoo. Tak! Tak! Zilikuwa nzima nazo. Nilijikuta nimeinamisha kichwa, maana ni mimi niliyetia sahihi kwenye hundi.

Tatu alitafuta tundu la kuchomekea hedifoni. Wengi hawajui kwamba katika vinanda vingi, tundu hilo lina swichi ndani yake inayokata spika hedifoni inapoingizwa. Vumbi na kutu vikiingia humo, swichi hukwama njiani na sauti hupungua hata kama hakuna hedifoni. Alichomeka na kuchomoa mara kumi hivi. Hakuna kilichobadilika.

Nne aliisikiliza amplifaya. Mvumo wa chini chini ulikuwepo, haukuongezeka wala kupungua kanyagio lilipokanyagwa. Hiyo ilikuwa dalili njema: pampu inafanya kazi, ila maji hayaifikii. Basi ilibaki koki.

Wakati huo jua lilikuwa limezama. Kijana alituomba tuzime taa za kanisa na kufunga mlango. Alilala kifudifudi sakafuni, jicho kwenye ufa ulio ubavuni mwa kanyagio, akakaa kimya.

"Mzee wangu," akasema kutoka gizani, "ndani ya hili kanyagio mna taa. Wewe ulijua?"

Mzee hakujua. Hakuna kati yetu aliyejua. Alitueleza kwamba katika vinanda vingi vya zamani kanyagio halishiki sauti yenyewe. Ndani mna balbu ndogo upande mmoja, na upande wa pili mna kidude kinachohisi mwanga. Katikati hupita kipande cha bati. Ukikanyaga, bati husogea, mwanga mwingi hukifikia kile kidude, na kidude hufungua njia ya sauti. Ukiachia, bati huziba, sauti hupungua. Waliounda walifanya hivyo kwa sababu vidhibiti vya kusuguana huchakaa na kukwaruza, ilhali mwanga hausuguani na chochote.

Lakini balbu huzeeka. Uzi wake wa chuma humomonyoka kidogo kidogo na kukipaka kioo weusi kwa ndani, kama masizi. Kabla haijaungua kabisa, hutoa mwanga mwekundu wa kaa linalozimika. Ndivyo ilivyokuwa yetu. Mzee alikanyaga hadi mwisho, na kidude kilipata mwanga wa kaa.

"Mzee, bonyeza noti nne, usiachie," kijana akasema. Mzee akabonyeza. Kile kinong'ono tulichokizoea kikasikika. Kijana akatoa simu yake mfukoni, akawasha tochi, akailekeza kwenye ufa.

Msomaji, kinanda kilinguruma! Vioo vya madirisha vilitetemeka. Mzee aliondoa mikono kama aliyeungua, kisha akairudisha. Kijana akazima tochi, sauti ikazama. Akawasha, ikarudi. Akafanya hivyo mara tatu, kama mtu anayechezea mtoto.

Sasa likumbuke lile neno la jua la asubuhi. Kanyagio lina ufa. Jua likiingia kwa mlango wa mashariki, mwanga wake ulipenya ufani na kukisaidia kile kidude. Mzee alikuwa akisikia vizuri kuliko sisi sote tuliomcheka.

Hakusema mengi. Alisema tu, "Basi si mimi," akavaa kofia yake.

Balbu yatupeleka Kawangware

Nilidhani kazi imekwisha. Kijana akacheka. Balbu ya aina hiyo haiuzwi dukani wala haifanani na ya tochi. Alikuwa nazo kopo zima zamani, akasema, katika kibanda chake cha kwanza. Julai 2018, tingatinga zilipopita Kibera kufungua barabara ya kuunganisha Ngong Road na Langata, maelfu ya watu walipoteza nyumba, na kibanda chake kilikuwa katika mstari huo. Aliokoa mita na chuma cha solda. Makopo ya vipuri aliyokusanya kwa miaka tisa yalibaki chini ya mabati. "Lakini aliyenifunza kazi yuko Kawangware," akasema. "Yeye hatupi kitu."

Jumamosi tukaenda. Kutoka Makina unakata kwa miguu kupitia soko la Toi, lile la mitumba lililoteketezwa wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi mwaka 2008 na kujengwa upya na wachuuzi wenyewe. Unatokea Ngong Road. Hapo panda matatu hadi Dagoretti Corner, kisha uingie Naivasha Road, upite Satellite, na muda si muda utakuwa Kawangware. Ukitoka mjini moja kwa moja, tafuta gari la namba 46.

Utaona mara moja kwamba huu ni mtaa wa namna nyingine. Upande mmoja umepakana na Lavington, penye nyua za maua na mbwa wakali. Upande huu ni vibanda, nyumba za mabati na majumba ya ghorofa yaliyobanana. Tofauti na Kibera, ardhi hapa ina wenyewe, watu binafsi wenye hati. Hapa hofu ya fundi ni kodi ya mwisho wa mwezi. Labda ndiyo sababu mzee tuliyemwendea, upande wa Congo, ameweza kukaa mahali pamoja kwa miaka zaidi ya thelathini, na vipuri vyake navyo vimekaa.

Duka lake ni chumba kirefu chenye giza. Kutoka sakafuni hadi darini kuna mashine zilizokufa: redio za kaseti, televisheni za mgongo mkubwa, taipureta za umeme, mashine za kunakili. Kila moja huivunja, akaipanga kwenye makopo ya maziwa ya unga yaliyobandikwa karatasi. Wachuuzi wa vyuma humuuzia kwa kilo wasichokijua thamani.

Mwanafunzi wake alimwamkia kwa mikono miwili. Mzee akanyoosha kiganja. "Iko wapi ile iliyokufa? Kwangu hakuna anayenunua balbu bila kuniletea maiti yake." Tukampa. Akaitazama kwa lenzi, akasoma maandishi yaliyo kitakoni, akaondoka na kurudi na kopo. Alizijaribu kumi na mbili. Tatu zilikuwa nzima na za volti ile ile.

Nikamuuliza kama hana yenye mwanga mkali zaidi, ili tupate sauti kubwa zaidi. Alinitazama kama mjukuu mtundu.

"Wewe unataka kuchoma kanyagio," akasema. "Balbu kali huvuta umeme mwingi kuliko inavyopewa, na joto lake litaua kile kidude, ambacho ni kigumu kupata kuliko balbu. Tia ya kadiri ile ile. Na hizi taa za siku hizi za LED, zinawezekana, lakini mwanga wake kidude hakiuoni sawasawa na ule wa zamani. Fundi asipoupima, kanyagio litaruka kutoka kimya hadi kelele, hakuna katikati. Wimbo wa ibada unataka katikati."

Kisha akampa mwanafunzi wake pakiti ya kapasita. Hivi ni vile vikopo vidogo vilivyosimama kwenye bodi za amplifaya. Ndani yake mna majimaji yanayokauka kwa miaka mingi, na yakikauka, besi hupungua au mvumo huongezeka. "Kinanda cha miaka arobaini kikifunguliwa, kifungwe kikiwa na kapasita mpya," akasema. "Usingoje kikuite tena."

Hesabu na tahadhari

Hebu tufanye hesabu. Balbu tatu kwa shilingi 80 kila moja ni 240. Kapasita ni 650. Nauli ni 200. Ufundi wa yule kijana, jioni mbili nzima, ni 2,500. Jumla ni shilingi 3,590. Linganisha na zile 22,000 za spika, na harambee tuliyokuwa tukiipanga.

Kabla hujamwita fundi, kuna mambo unayoweza kuyafanya mwenyewe bila kufungua kinanda. Sikiliza kama milio yote imefifia au mmoja. Kanyaga na kuachia kanyagio ukiangalia kama sauti inabadilika. Chomeka na kuchomoa hedifoni mara kadhaa, kisha uzisikilize hedifoni zenyewe: zikisikika kwa nguvu, lakini spika zimefifia, basi shida iko mwishoni mwa njia. Mulika tochi penye ufa wa kanyagio. Andika unayoyaona, umpe fundi karatasi hiyo. Utamwokolea nusu ya kazi, nawe utaokoa nusu ya malipo.

Lakini usifungue mgongo wa kinanda ukiwa hujui. Kapasita kubwa huhifadhi umeme hata baada ya plagi kuchomolewa, na vinanda vya valvu hasa vina umeme unaoweza kuua. Fundi wetu alichomoa plagi, akanywa chai, akapima kwa mita, ndipo alipoingiza mkono. Tena mkono mmoja, wa pili akauweka mfukoni. Ukimwona fundi asiyefanya hivyo, mpe nauli arudi kwao.

Na angalia wadudu. Ndani ya kinanda chetu kulitoka kiota cha panya, maganda ya mende na bahasha ya sadaka ya mwaka 1994, tupu.

Jumapili ya kwanza

Msomaji, sitaki nikuambie kwamba kinanda chetu sasa kitaishi milele. Kile kidude cha mwanga nacho kina umri, na siku moja kitachoka. Balbu mbili za akiba zimefungwa kwa gundi ya karatasi ndani ya kifuniko, pamoja na maelezo, ili atakayekuja baadaye asihangaike. Kamati nayo haikufuta harambee, iliiahirisha. Lakini mnunuzi wa vyuma alipokuja na mizani yake alirudi mikono mitupu. Wahenga walituonya tusiache mbachao kwa msala upitao, nasi tulikuwa tumekwisha kuukunja mbachao na kuutoa nje.

Jumapili ile ya kwanza yule kijana alikuja akasimama nje, karibu na dirisha, na pembeni yake alisimama mzee wa Kawangware, aliyepanda matatu mbili ili asikie. Mwalimu wetu aliketi, akatandaza vidole, akakanyaga kwa nguvu zile zile alizozizoea kwa miezi minane. Kanisa zima liliruka vitini. Kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu, nilimwona mwenyekiti wa kamati akimpungia mkono mzee apunguze sauti.

Alipunguza kidogo tu.

Tangu hapo amepata mwanafunzi, msichana wa miaka kumi na minne, ambaye huja kila Jumatano baada ya shule. Somo la kwanza alilompa halikuwa la noti. Alimlaza sakafuni, akazima taa, akamwonyesha ufa wa kanyagio na ile nuru ndogo iliyo ndani, akamwambia aitazame kila mwezi.

Kwa hivyo, ukifika kanisani kwenu Jumapili ijayo ukasikia kinanda kinanong'ona, usimtazame mpigaji kwa jicho baya. Subiri ibada iishe, mwombe ruhusa, uiname na tochi yako. Na ikishindikana, unaijua njia: namba 8 hadi Makina, na kama vipuri vimekosekana huko, Kawangware.